Pembe za Bin Ramadi

Vijana wa kitengo, mmenitaka nikuandikieni kurasa chache za miaka yangu ya kazi, na mkanipa za bwana mmoja wa usafiri ziwe mfano. Nimezisoma. Bwana yule ameandika vyeo vyake vyote, na kila gari alilokabidhiwa na rangi yake. Vyeo vyangu mtavikuta katika faili, na si vingi vya kukuchosheni. Mimi nitaanzia kwenye ile meza ya dirishani niliyokuachieni. Siku ya kuagana mlikuta kila kitu mahala pake, kalamu, rula, visu, chupa za wino; droo ya chini tu ndiyo iliyokuwa tupu, nanyi mkaniuliza mbona. Nikacheka, nikasema nimewafukuza mende. Hapakuwa na mende. Palikuwa na picha ndogo ya mtu, ya kuenea kiganjani, na niliificha humo zaidi ya miaka ishirini kwa sababu naona haya.

Nilikuja Ibra, huku Omani, na wazee wangu kutoka Unguja nikiwa barobaro. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni: naweza kusoma aya yoyote utakayo, siwezi kuagiza chai. Kitengo cha vyombo vya kusomeshea wakati huo kilikuwa chumba kimoja nyuma ya mudiriya, yaani idara ya elimu ya mkoa, baina ya ghala la madawati na tangi la maji. Karibu kila kilichotundikwa ukutani katika skuli zetu, kuanzia hapa hata Sur, kilitoka chumba kile: ramani, hatua za udhu, moyo wa binadamu, mtende na sehemu zake. Mkuu wetu alikuwa Ustadh Fathi, Mmisri mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, bingwa wa khati, uandishi wa herufi kwa ufundi. Siku yangu ya kwanza alinipa karatasi na kalamu, akaniambia nipige mistari bila ya rula mpaka adhuhuri. Adhuhuri akaja, akaishika karatasi mbali na macho.

"Mstari wa kumi na saba mzuri," akasema. "Iliyobaki ni ya mtu mwenye haraka ya kwenda kula."

Alinifunza mengi mtu yule, lakini kanuni yake kubwa ilikuwa moja, naye aliiandika kwa mkono wake akaitundika juu ya mlango: Asili haiguswi. Ukipewa picha ya mtu uinakili, huiwekei kalamu. Unalaza juu yake karatasi ya shafafu, ile nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake, na unachora juu ya hiyo. Asili ni amana, itarudi kwa mwenyewe kama ilivyokuja. Nilikuwa nikipita chini ya maneno yale mara kumi kwa siku.

Kesi ngumu zilikuwepo. Mwaka mmoja tulichora bango kubwa la maisha ya shamba, na likarudishwa kutoka skuli moja ya milimani. Mwalimu mkuu wa huko alikuwa mcha Mungu aliyeona haifai viumbe wenye roho kuchorwa wazima, basi akawapitishia mstari mwekundu shingoni, mkulima, mkewe, na mbuzi wao. Ustadh Fathi alilitazama bango kwa utulivu.

"Kawachinja wote," akasema, "na nyama hakutuletea."

Tangu hapo wakulima wetu tuliwachora kwa nyuma. Kwa mwaka mzima nchi hii, kwenye mabango yetu, ilikuwa nchi ya migongo.

Aliyelirudisha bango lile ni Khalfan, dereva wa mudiriya, naye akanibatiza papo hapo Fundi wa Migongo. Yeye ndiye aliyepeleka kazi zetu skuli za mbali, Dima wa Tayyin na kwengineko ambako njia ni mawe matupu. Tulikuwa rika moja, sote wazaliwa wa Unguja, na tukiwa wawili ndani ya gari Kiarabu tulikiacha nje. Alikuwa na kovu lililoikata nyusi ya kushoto, la baiskeli ya utotoni. Kabla ya kucheka, upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa ukipanda peke yake, kama mtu anayechungulia kwanza ndipo aingie. Alimuoa Rayya, binti ya mjomba wake, na walikaa nyumba moja na mama yake, Bi Zuwena. Mtoto walikuwa bado hawajajaaliwa.

Siku aliyokufa, Ibra jua lilikuwa linawaka. Mvua ilinyesha milimani, na wadi, bonde kavu ambalo njia hupita ndani yake, hugeuka mto kabla hujamaliza kuivuka. Gari lilionekana siku ile ile. Yeye alionekana kesho yake, mbali sana, amebanwa na mawe. Tulimzika kabla ya magharibi. Bi Zuwena alitaka kumfunua uso, wanaume tukamzuia.

"Usimtazame, mama," tulimwambia. "Mkumbuke alivyokuwa."

Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema hivyo. Kwa kweli uso haukuwa wa kutazamwa, na tulidhani tunamhurumia.

Nyinyi mmesoma vyuo vikuu na haya mtayacheka, lakini bila ya kuyajua hamtanielewa. Huku wapo watu wazima wengi wanaoamini kuna mughayyab, mtu ambaye wachawi wamemchukua akiwa hai na kuacha sura yake tu ndani ya sanda. Watu wanazika, wanarudi makwao, na mwenyewe yuko mahala anatumikishwa, ulimi umefungwa. Nasi tuliotoka Unguja tulikuja na yetu: kwetu zilikuwepo hadithi za kuzikwa mgomba, na maiti akawa shambani kwa mchawi analima. Bi Zuwena alizibeba zote mbili, ya kule na ya huku, na juu yake mtoto mmoja aliyezikwa bila ya yeye kumuona uso. Yote hayo nilikuwa nayajua.

Rayya alipomaliza eda, Bi Zuwena alikuja kitengoni. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akafungua fundo la mtandio wake, akatoa picha.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na haja. Picha yake ndo hii moja tu, ya leseni. Khalfan alikuwa hapendi kupigwa picha, ati anatoka kama mwizi. Nataka unichoree kubwa, nipate kumtazama bila ya miwani."

"Inshaallah, mama. Wiki mbili."

"Usijibane. Mie sina safari."

Wiki mbili zikawa miezi. Kila nikiitoa picha nilimuona Khalfan yuhai na mkono ukawa mzito, na mkono mzito ukikaa sana huwa mvivu. Nikajitafutia na sababu za dini: nikajiambia kuchora uso wa maiti ni jambo lenye shaka, mimi ambaye kula yangu yote ilitokana na kuchora. Picha ikakaa katika droo ya chini.

Mwaka uliofuata mkurugenzi alirudi kutoka mkutano wa Muscat na fikra mpya. Mudiriya ilikuwa na jarida la wanafunzi ambalo ndani yake hamkuwa na kitu ila picha za wageni wakikata utepe. Watoto walifungia mikate yao. Wakati huo huo kila nyumba yenye televisheni ilikuwa imetekwa na katuni za Kijapani zilizotiwa Kiarabu. Watoto wa Ibra walikuwa wakitukanana barazani kwa Kiarabu fasaha ambacho hata khatibu angekionea wivu.

"Nitafutieni Mjapani," akasema mkurugenzi. "Lakini awe wa kwetu."

Ustadh Fathi akaagizia Dubai kitabu kimoja cha hadithi za picha za Kijapani. Alipokifungua alipiga kofi. "Subhanallah! Wanaanzia kulia kama sisi!" Na kweli, vile vitabu vya Kizungu tulivyozoea kuviiga ilibidi kila picha tuigeuze ili isomeke Kiarabu, hiki kilikuja kimegeuka chenyewe. Tulikisoma wiki nzima bila ya kujua neno lake hata moja. Tulijifunza jinsi jicho linavyochukua nusu ya uso, jinsi mistari inavyofanya mtu aliyesimama aonekane anakimbia, na jinsi ukurasa mzima unavyoweza kukaa kimya. "Hawa wanatia roho machoni," akasema Ustadh. "Sisi tumeitia kwenye herufi."

Yeye akatunga, mimi nikachora. Mtu wetu akamwita Bin Ramadi, mwana wa majivu: mama yake binadamu, baba yake jini. Kijiji kimemfukuza, anaishi ndani ya handaki la falaj, mfereji wa maji wa zamani, iliyokauka. Ana pembe mbili, moja imevunjika. Anaiba tende, anasema uongo, anawajibu wazee kwa jeuri, halipi wema ila kwa kulalamika. Lakini mtoto akitumbukia kisimani, au wezi wakikata maji ya mashamba, ni yeye anayetoka gizani kuwaokoa wale wale waliomtupia mawe, kisha anadai bakuli la halwa. Mkurugenzi aliuliza kwa nini asiwe mwema moja kwa moja. Ustadh akamwambia wema wa moja kwa moja tayari wamo jaridani, wanakata utepe.

Uso ndio uliotushinda. Nikimchora wa kutisha anatoka mbuzi. Nikimchora mzuri anatoka bwana harusi. Siku ya kupeleka kazi matbaa ikakaribia, na karatasi ya shafafu ilikuwa imekwisha, tumeagiza Muscat haijaja. Mchana mmoja, Ustadh kenda kuswali, nikaifungua droo ya chini. Nilitaka kutazama tu. Nikautazama ule mdomo unaopanda upande mmoja, na lile kovu, nikaona huyu ndiye mtu anayeweza kukuibia tende na kukutoa kisimani siku moja. Nikachukua kalamu ya wino mweusi, wino usiofutika, nikamtia Khalfan pembe mbili juu ya picha yake ile ile.

Zilimkaa. Hilo ndilo la kusikitisha, zilimkaa vizuri sana. Nilidhani baadaye nitazikwangua kwa kisu, na nilijaribu: karatasi ya picha ikachunika kwenye paji la uso, pembe zikabaki. Nikairudisha picha ndani ya droo, nikachora kurasa nane bila ya kuinua kichwa.

Ustadh Fathi alipoziona aliushika ukurasa wa kwanza mbali na macho. "Uso huu umeutoa wapi, Suleiman?"

"Kichwani."

Alitazama maneno yake juu ya mlango, kisha akanitazama mimi, kisha akasaini. Mkataba wake ulikwisha mwaka ule, akarudi kwao, na hakuniuliza tena.

Haikupita wiki Bi Zuwena akaja kuulizia picha yake kubwa. Nikamwambia ile ndogo imepotea tulipohamisha makabati. Yeye ndiye aliyenifariji mimi.

"Maalish, mwanangu. Kilichopotea kimepotea. Uso wake ninao."

Toleo la kwanza lilipotoka, kwa mara ya mwanzo jarida letu liliibiwa. Walimu waliandika kuomba nakala zaidi. Bin Ramadi alichorwa juu ya madawati, nyuma ya milango ya vyoo, hata kwenye vumbi la gari la mkurugenzi. Msichana mmoja wa Sur aliandika barua ya kurasa tatu akitaka kujua kama mama yake Bin Ramadi anajua yuko wapi. Tuliicheka barua ile. Nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo kazini, kabla wala baada.

Baada ya toleo la pili Bi Zuwena aliingia bila ya kubisha hodi, jarida mkononi. Mtoto wa jirani alikuwa amelisahau barazani kwake. Aliliweka juu ya meza yangu, akaweka kidole juu ya uso.

"Huyu nani?"

"Katuni tu, mama. Shetani wa hadithi za watoto."

"Sikuulizi kazi yake. Nakuuliza huyu nani. Kovu hili la nani? Mdomo huu wa nani? Mie nimemzaa, Suleiman, usinifanye mtoto."

Nikalifunga jarida, akalifungua tena pale pale.

"Picha ulinambia imepotea," akasema. "Sasa umemuona wapi?"

Droo ilikuwa inagusa goti langu. Kuifungua tu kungetosha. Angenitukana, na haki yake, na mambo yangeishia pale. Lakini niliwaza pembe zile zisizofutika juu ya picha yake ya pekee, na uongo wa makabati, na nikaona uongo mwengine mdogo utanitoa.

"Amenijia, mama. Usingizini."

Hakulia. Alikaa polepole kwenye kiti cha wageni, uso wake umefunguka kama mtu aliyeteremshiwa mzigo kichwani.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilijua mie. Uso hawakunionyesha! Alikwambia nini?"

"Hakusema kitu."

"Hawawezi kusema, wanafungwa ulimi. Na pembe hizi wamemtia wao, wallahi, wamemtia wao." Akanishika mkono, akaubusu. Mwanamke mwenye umri wa mama yangu aliubusu mkono uliomtia mwanawe pembe, na mimi nilimwachia aubusu.

Tangu siku ile Bi Zuwena hakumwita tena mwanawe marehemu. Wakati huo kulikuwa na mwalimu mmoja wa Izki, mtu mpole, aliyekuwa anamposa Rayya. Baba yake Rayya alikuwa radhi. Bi Zuwena, ambaye ni dada yake mkubwa, akamwendea akamwambia, "Utamuozaje mke wa mtu? Mumewe hai, kamtokea Suleiman." Kwa sharia kaburi lilikuwepo na eda ilikwisha, lakini hakuna aliyetaka kumvunja moyo mama yule. Wakasema ngojeni kidogo, atatulia.

Upande wa pili, malalamiko nayo yalikuwa yamefika kwa mkurugenzi. Baba mmoja alisema mwanawe anavaa pembe za karatasi msikitini. Mwengine alisema watoto hawataki tena kwenda falaj kuchota maji. Kamati ikakaa, ikasema shetani hawezi kuwa shujaa katika jarida la mudiriya. Toleo la nne afe, na kabla ya kufa atubu. Ibra mji mdogo, neno lilifika kwa Bi Zuwena kabla ya karatasi kufika kwangu. Asubuhi nilimkuta amekaa kwenye ngazi za kitengo.

"Wanasema unataka kumuua."

"Ni hadithi, mama."

"Usimuue. Mkono wako ndo mlango wake, akitaka kuniona anapita hapo. Nakuomba, mwanangu. Mara hii usimuue."

Kesho yake akaja Rayya. Hakukaa. Alisimama mlangoni, chini ya maneno ya Ustadh.

"Kaka Suleiman, nakuomba neno moja tu. Mwambie shangazi ulikomtoa."

"Nimeshamwambia."

"Umemwambia usingizini. Wewe hujapata kupoteza hata kifutio, utaipoteza picha ya Khalfan? Mwambie. Mimi sikutaji mahala popote. Neno moja, aniwache niendelee na maisha yangu."

"Nitamwambia, Rayya. Inshaallah."

"Lini?"

"Mambo yakitulia."

Alinitazama kama vile Ustadh alivyonitazama, akaondoka. Kwa nini sikusema? Nitakwambieni ukweli, hauna uzuri wowote. Kamati ilikuwa bado inakaa. Ikijulikana kwamba nimemtia pembe za shetani Muislamu aliyekufa kazini, mwenzetu, nikamsambaza skuli zote, kazi ingeondoka na watu wangeniambaa. Niliogopa. Nikajiambia nitasema toleo la nne likishatoka.

Toleo la nne lilikuwa na mabwana watatu: mkurugenzi anataka afe, Bi Zuwena anataka aishi, Rayya anataka ukweli. Mimi nikafanya hila ya fundi. Nilimchora Bin Ramadi anapanda mlima, anaondoka kijijini, na nikamchora kwa mgongo, ili uso wake usionekane na mtu yeyote. Chini ya picha, kwa kuwa ukurasa ulibaki mtupu na watoto nao niliwaonea huruma, nikaandika neno moja: Atarudi. Mkurugenzi aliridhika, ameondoka bila ya makelele. Kamati iliridhika. Watoto walilia. Na Bi Zuwena akamwita jirani amsomee neno lile mara mbili, na tangu siku hiyo mlango wa nyumba yake haukutiwa komeo.

Mwalimu wa Izki alingoja mwaka mmoja na nusu, akaoa kwengine. Baba yake Rayya akafariki. Waliomjua Rayya kijana wakaanza kumwita mama.

Kisha zikaja kompyuta, na mengine mnayajua wenyewe. Niliwafunza wengi wenu kukata herufi kwa kisu, kazi ambayo mwaka wa pili yake haikuhitajiwa tena, mkaniheshimu mkajifanya mnaihitaji. Mlipopaka rangi chumba mliyatoa yale maneno juu ya mlango. Nilifarijika kidogo yalipotoka, na hilo nalo ni la kuonea haya. Kila Idi ililetwa kwangu sahani ya vileja iliyofunikwa kitambaa, kutoka kwa Bi Zuwena, kwa sababu ni mimi ambaye mwanawe alinichagua kunitokea. Kila Idi nilivila.

Siku ya mwisho ya kazi niliifungua droo ya chini. Nilikuwa nimeazimia kuichana ile picha. Niliishika mikono miwili, na Khalfan akanitazama na pembe zake na mdomo wake ule, na sikuweza. Sikuwa shujaa, mkono tu ulikataa. Nikaitia mfukoni, na badala ya kwenda nyumbani nikaenda kwa Bi Zuwena.

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, amekuwa mdogo, macho bado makali. Ukutani kulikuwa na ukurasa wa jarida ndani ya fremu ya kioo, Bin Ramadi wa toleo la pili. Juu ya pembe alikuwa amebandika karatasi nyeupe aliyoikata mwenyewe kwa mkasi, imetobolewatobolewa kwa sindano, ikawa kofia. Hapo tena sikuweza hata kumuamkia. Nilipiga magoti nikaiweka picha mkononi mwake, nikasema yote: kalamu, kisu, makabati, usingizi, na neno nililoliandika chini ya ule mgongo.

Hakunikatiza. Aliitazama picha, kisha akaweka kidole gumba juu ya pembe, akaitazama tena.

"Siku zote hizi alikuwa ndani ya meza yako."

"Ndiyo, mama."

"Na mie namuekea mlango wazi."

Aliilaza picha juu ya goti lake. Kisha akaita, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza maji.

"Rayya! Njoo ufunge mlango."

Rayya akatoka ndani. Nywele za mbele zimeshaingia mvi. Alitazama picha, akanitazama mimi, akaenda akafunga mlango, akatia komeo. Lilikuwa limeshika kutu, ilibidi alipige kwa kiganja.

"Kesho tutaufungua kwa watu," akasema Bi Zuwena. "Wapelekee majirani habari. Waambie mwanangu amefariki." Kisha akanigeukia. "Na wewe utakaa barazani upokee wanaume. Sina mwanamume mwengine, na wewe ndiye uliyekuwa naye."

Nimekaa siku tatu. Tanzia ilikuwa kama tanzia zote, mikeka, tende, kahawa, watu wanaingia na kutoka wakinipa mkono. Wale wa zamani walijua, waliketi kimya hawanitazami. Lakini wengi walikuwa wageni wa mtaa au watoto waliokua, na kila mmoja wao, akishaketi, aliniinamia akaniuliza kwa adabu kile ambacho kila mtu huuliza.

"Marehemu amefariki lini?"

Na kila mmoja ilinibidi nimjibu, na akishangaa, nimueleze kwa nini. Wengine walikuwa wamesoma jarida lile udogoni. Bwana mmoja mwenye ndevu alisema, "Bin Ramadi? Nilimpenda sana," kisha akaelewa, akainamisha kichwa.

Siku ya tatu alasiri kahawa ilikwisha. Rayya akaja na birika jipya hadi penye pazia, akalitoa nje kwa mkono. Nikanyanyuka kulipokea. Hakuliachia mara moja.

"Lilikuwa neno moja tu, kaka Suleiman," akasema.

Kisha akaliachia, na mimi nikarudi kukaa, kwa sababu mtu mwengine alikuwa anavua viatu mlangoni.